Nilimchora Mama miaka mitano kabla ya kumwangalia usoni

Tangu nionyeshe picha niliyochora ya mimi na mama, wachoraji wenzangu wamekuwa wakiniuliza nilitumia karatasi gani, wino gani, na nilimpataje mama akakubali kukaa. Nitaeleza yote, pamoja na pesa niliyopoteza. Lakini siwezi kuanza na karatasi. Lazima nianze na kosa lililonifanya niichore picha yenyewe.

Mimi ni mchora katuni, naishi Kihesa, Iringa mjini. Mama anaishi Kilolo, kule juu ambako mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka jikoni, na kazi yake tangu nimjue ni kusuka vikapu vya milulu, zile nyasi ndefu za majimaji. Nyumba tuliyokulia ilikuwa ya matofali mabichi, na kuta za ndani baba alizibandika magazeti ya zamani kwa uji wa ngano ili kuzuia upepo. Upande wa kitanda changu kulikuwa na kipande cha gazeti la Uhuru chenye Chakubanga, ile katuni ya Christian Gregory. Nilikuwa sijajua kusoma, lakini kila usiku nilikifuatisha kile kibonzo kwa kidole kabla ya kulala, mpaka wino ukafutika. Halafu nikahamia kwenye mkaa na ukuta mtupu wa jikoni. Mama alinichapa kwa kuchafua ukuta. Kesho yake akarudi gulioni na penseli mbili, akanipa bila kusema neno.

Mwaka 2017 nilianza kuchora vibonzo vya mama mmoja mkali anayeuza vikapu. Kila kibonzo alikuwa anamgombeza mtu: mteja, kondakta, mkwe, hata kuku. Nyusi zake nilizichora zimekutana katikati kama kunguru anayeruka, macho mistari miwili, mdomo wazi. Watu walimpenda. Niliviweka Instagram, vikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na gazeti moja likawa linanunua kimoja kwa wiki. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwa fahari kwamba huyo ni mama yangu. Mama mwenyewe sikumuuliza. Nilijiambia hana simu ya kupangusa, hataona.

Hakuhitaji kuona. Mwanzoni mwa 2021 alishuka mjini na vikapu vyake, na vijana wawili pale sokoni wakamtambua. Walimwambia, "Mama wa katuni, kunja uso kidogo tukuone!" Waliokuwa karibu wakacheka. Siku hiyo mama aliuza vikapu vyake vyote kwa bei ya kutupa, akapanda gari na kurudi Kilolo bila kupita kwangu. Habari nilizipata kwa mama mdogo wiki mbili baadaye. Nilipompigia, aliitikia shikamoo yangu, akaniuliza kama nina afya, akasema mvua ni nyingi, akakata. Tulikwenda hivyo karibu miezi miwili. Siku aliyosema, alisema sentensi moja tu: "Hivi mimi, mwanangu, nina uso wa kukunja tu?"

Nimewaza sana kuhusu sentensi hiyo kama mtu wa kazi hii. Kuchora katuni ni kutia chumvi: unatafuta kile kimoja kinachomtofautisha mtu na wengine, unakivuta mpaka kila mtu akione. Wachora katuni kama Gado na Masoud Kipanya wanawafanyia hivyo viongozi, na ni haki, kwa sababu kiongozi ameomba kura zetu na uso wake ameuleta mbele ya watu mwenyewe. Mama yangu hakuomba kura ya mtu. Mimi ndiye niliyeuchukua uso wake nikauweka hadharani, na malipo ya gazeti nikala mimi. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa anayechora vibonzo vya nyumbani kwake ni hili: muulize kabla, na umwonyeshe kabla. Akikataa, badilisha sura, umbo, kazi na kijiji, mpaka jirani yake asiweze kumtambua.

Ningetakiwa kupanda gari siku ileile, nikapige goti niombe radhi. Badala yake nikaamua kumchorea picha nzuri ya kumshangaza. Niliona aibu kusema, nikaiachia kalamu iseme. Picha hiyo ya kwanza ilikosewa kila kitu, na makosa yake nayaorodhesha kwa kuwa naona wengi wakiyarudia.

Kwanza niliichora kwa siri, kutoka kwenye picha ya simu niliyompiga harakaharaka, simu ikiwa kama futi moja kutoka usoni. Kamera ikikaa karibu hivyo hukuza kilicho mbele: pua inatanuka, masikio yanarudi nyuma, paji la uso linajaa. Mimi nikanakili uongo wa kamera kwa uaminifu mkubwa. Ukilazimika kutumia picha, rudi nyuma hatua tatu au nne kisha uvute kwa zumu. Uso utakaa sawa zaidi.

Pili, nilitumia manila ya shilingi elfu moja na makapeni za dukani. Nikaiwekea kioo na kumpelekea Krismasi ya 2021. Mama akasema asante, akaitundika sebuleni mkabala na dirisha. Kufikia Juni makapeni nyeusi imekuwa zambarau iliyopauka, nyekundu ya kanga imepotea kabisa, na manila imeanza kugeuka manjano kama yale magazeti ya baba. Kilichobaki wazi ni mistari ya penseli ya chini, ile niliyodhani nimeifunika. Rangi za makapeni nyingi ni za kuyeyuka, na jua huzila. Penseli hailiwi. Wino mweusi wa chupa uliotengenezwa kwa masizi nao haupauki; atakayebisha atazame paa la jiko lolote la kuni, masizi ya bibi bado yako pale. Siku hizi kabla ya kuiamini kalamu yoyote nachora nayo mistari kwenye kipande cha karatasi, nafunika nusu kwa kadi, nakibandika dirishani mwezi mzima. Nikifunua naona mwenyewe.

Juni 2022 nilichukua likizo ya wiki moja, nikashuka Ipogolo na kupanda gari la Kilolo, nikafika nyumbani na begi la nguo na rimu moja ya karatasi za kawaida. Nilimkuta mama kakaa mlangoni anamenya njegere. "Kamwene, mama," nikamsalimia kwa Kihehe. Akaitikia, akanisogezea sinia. Tukamenya wote. Sinia lilipofika nusu nikasema nilichokuja kusema: kwamba nilimtumia bila ruhusa, kwamba pesa nilikula, na kwamba kama anataka niache vile vibonzo naacha kesho. Sauti ilinikatika katikati. Mama aliendelea kumenya. Halafu akasema kuacha kazi hakutamrudishia siku ile ya sokoni, ila kama nataka kumchora, nimchore vizuri, na yeye ana masharti.

Masharti yalikuwa matatu. Achorwe akifanya kazi, kwa sababu hajawahi kukaa mikono mitupu mbele ya mgeni. Asichorwe anacheka, maana watu wakicheka kwenye picha wanaonekana wanaomba kitu. La tatu sikulitegemea: "Usinichore peke yangu kama mtuhumiwa. Na wewe kaa, tuonekane wawili. Wakitaka kucheka watucheke wote."

Ndivyo ilivyokuja kuwa picha ya wawili.

Siku za kwanza za wiki ile nilichora mikono tu. Hili nawashauri sana wanaomchora mzee: usimwambie atulie. Ataganda, shingo itamuuma, na baada ya dakika kumi utakuwa unachora mtu anayesubiri umalize. Mpe kazi yake. Msusi wa kikapu harudii mahali pamoja, lakini mikono yake inarudi kwenye mkao uleule kila baada ya sekunde chache: kidole gumba cha kushoto kinabana, cha shahada cha kulia kinapitisha mlulu, unavutwa, unakazwa. Ukikosa mkao mara ya kwanza, subiri, unarudi. Nilichora kidole gumba kile zaidi ya mara arobaini. Kina ukucha uliopasuka kwa urefu, na pembeni mwa ukucha pana mfereji mdogo, mgumu, ambao mlulu unapita humo kama uzi kwenye tundu la sindano. Milulu inalowekwa kwanza ili isikatike, kwa hiyo mikono ya mama ina unyevunyevu saa zote za kazi, na ule mfereji unang'aa. Miaka yote ile ya vibonzo mikono yake nilikuwa naichora kama mifuko miwili ya vidole vitano.

Uso niliuogopa mpaka siku ya nne. Nikaanza kwa kupima, kama tunavyofundishwa: nanyoosha mkono, penseli wima, jicho moja nafumba, napima kutoka utosini mpaka kidevuni. Macho hukaa katikati ya kichwa. Wanaoanza huyaweka juu mno kwa sababu wanasahau fuvu, na mimi kwa kuchora katuni nilikuwa nimelisahau pia. Upana wa uso ni kama macho matano yaliyopangwa mstari. Vipimo hivi si amri, ni mahali pa kuanzia, halafu unaangalia huyu wa mbele yako anatofautiana wapi.

Mama alitofautiana kwenye jicho la kushoto. Kila nikipima, kichwa kilikuwa kimeinama kuelekea kulia. Namwomba anyooke, ananyooka, dakika mbili kimeinama tena. Nikahamisha kigoda changu upande wa pili na yeye akageuza kichwa upande uleule. Nikamsogelea ili nichore mboni. Ndipo nikaiona: katikati ya weusi pana weupe, kama tone la maziwa ndani ya chai ya rangi kabla hujakoroga.

Nikamuuliza, "Mama, hili jicho linaona?"

Akasema linaona ukungu. Nikamuuliza tangu lini. Akahesabu kwa wajukuu: lilianza mwaka aliozaliwa mtoto wa kaka, yaani 2016, na la kulia limefuata baadaye. Asubuhi ndani ya nyumba anaona kidogo. Nje juani ndiyo shida, mwanga unamtawanyikia, hawezi kumtambua mtu mpaka aongee. "Ndiyo maana mjini nakunja uso," akasema, akaendelea kusuka.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo nikalia. Nyusi zile za kunguru, zilizonipa jina na kunilipia kodi ya nyumba, sehemu kubwa zilikuwa za mwanamke asiyeona anayejaribu kuona. Pale sokoni hakuwa amewakunjia wateja uso. Alikuwa anawatafuta. Nisiseme uongo, mama ni mkali pia na baadhi ya maneno ya vile vibonzo yalitoka kinywani mwake kama yalivyo. Lakini ukali nilikuwa nausikia kwa masikio. Uso niliufasiri mwenyewe, na nilifasiri vibaya kwa sababu mkunjo ule ulikuwa unanilipa.

Sasa nieleze habari ya jicho, maana wazee wengi vijijini wanakaa nalo wakidhani ni uzee tu. Jirani mmoja alishauri maziwa ya mama anayenyonyesha, mwingine asali. Tafadhali msiweke chochote jichoni ambacho hakikutoka kwa daktari wa macho. Unaweza kuongeza kidonda juu ya ugonjwa. Mimi nami nilikosea kwa njia yangu: nilimpeleka kwanza kwenye duka la miwani mjini kwa kuwa lilikuwa karibu na halina foleni. Walimpima kwa ubao wa herufi, mama hasomi vizuri, wakamuuzia miwani ya elfu sitini. Hakuna aliyemulika jicho. Miwani ile haikusaidia chochote na pesa haikurudi.

Hospitalini ndiko walikomwekea dawa ya kupanua mboni, wakamulika, na daktari akanieleza kwa Kiswahili chepesi: ni mtoto wa jicho. Lenzi iliyo nyuma ya mboni imepoteza uangavu wake, imekuwa kama kioo cha bafuni. Hakuna tone la dawa wala miwani ya kuiondoa. Dawa ni upasuaji: lenzi ya zamani inatolewa, inawekwa ya bandia. Wanachoma ganzi ya jicho tu, mgonjwa yuko macho, na wanafanya jicho moja kwanza, la pili baadaye. Mama aliogopa sana, na aliyemtuliza hakuwa mimi. Alikuwa mzee mmoja kwenye benchi mwenye kitambaa jichoni, aliyekuwa amerudi kwa ajili ya jicho la pili. Akamwambia, "Dada yangu, ningekuwa nimeumia la kwanza ningerudi?" Kama una mzazi mwoga, mkutanishe na aliyekwisha kufanyiwa.

Mama hakuwa na bima. Upasuaji, matone ya dawa, nauli zangu na zake, na siku za kulala mjini, vyote vilinifikisha kama laki tano, na nilikopa kwenye kikoba chetu. Uliza mapema kuhusu kambi za macho. Zipo zinazofanya kwa bei nafuu au bure, na mimi nilichelewa kuuliza. Tulipangiwa Oktoba.

Huku tukisubiri, niliendelea na picha. Mara hii niliagiza karatasi nzito ya rangi za maji, gramu 300, isiyo na asidi, saizi A2, kutoka Dar es Salaam kwa basi, pamoja na chupa ya wino wa masizi na nibu tatu. Jumla ilikuwa elfu themanini na tano. Nilikwenda Kilolo Jumapili tano, gari la asubuhi, narudi jioni. Baridi ilinipa somo lake. Wino ambao Kihesa unakauka nikinywa chai, Kilolo ulikuwa bado mbichi baada ya nusu saa, na sketi ya mama nzima nikaifuta kwa mkono wa sweta. Nikajaribu kuikausha picha juu ya jiko la mkaa, karatasi ikajikunja kama chapati. Ukichora kwenye baridi na ukungu, anza juu kushoto ushuke kulia kama unatumia mkono wa kulia, weka karatasi safi chini ya kiganja, na uwe na subira. Na kwa kuwa nimetaja jiko: huku kwetu kila mwaka watu wanaingiza mkaa chumbani wakafunga mlango walale. Msifanye. Ile hewa yake haina harufu na haikuamshi.

Sehemu yangu ya picha niliichorea nyumbani Kihesa, mbele ya kioo cha kabati. Nilijichora nimekaa kwenye kigoda, daftari mapajani, namtazama mama. Nilijitahidi nisijipendeze. Nilipounganisha wote wawili kwenye karatasi moja niliona imekubali, nikaipeleka kwa fundi wa fremu nikiwa na furaha nyingi kiasi kwamba sikuuliza fremu ina ukubwa gani. Fremu ilikuwa fupi kwa sentimita tatu. Fundi akakata picha. Kitako chote cha kikapu, ile sehemu ambayo msusi huanzia na ambayo mama alinisimamia nihesabu mizunguko yake, kikaenda kwenye takataka za fundi. Acha angalau sentimita tano tupu pande zote za mchoro wako, mpe fundi vipimo kwa maandishi, na simama hapohapo mpaka amalize.

Oktoba ikafika. Jicho la kushoto likafanyiwa asubuhi, kesho yake muuguzi akafungua kitambaa. Mama alikaa kimya akiangalia dirisha, halafu shuka, halafu mimi. Alinitazama muda mrefu. Akanyoosha mkono akashika nywele za juu ya sikio langu. "Kumbe una mvi." Nilikuwa nazo miaka minne.

Wiki tano baadaye, matone yakiwa yamekwisha na daktari amemruhusu kuinama na kushika kazi, nilimletea picha. Niliwahi kumwonyesha wakati naichora, akasema ni nzuri, na mimi nikaamini ameiona. Sasa aliitazama kwa jicho jipya. Akaanza na mikono yake, akapitisha kidole juu ya kioo kufuata mlulu, akatikisa kichwa kukubali. Akauliza kitako cha kikapu kimekwenda wapi, nikamweleza ya fundi. Akahamia kwangu. Hapo akanyamaza.

"Tangu lini unashika penseli kwa mkono wa kushoto?"

Sikumwelewa. Akagonga kioo kwenye shavu langu la pichani. "Na kovu lako liko huku," akasema, akanigusa shavu langu lenyewe, la kulia. "Huyu umemtoa wapi?"

Nilikuwa nimechora mtu wa kwenye kioo. Kioo hugeuza, kulia kunakuwa kushoto, na uso ule uliogeuzwa ndio ninaoujua mimi tangu utotoni, kwa hiyo sikuona kosa lolote. Mama ananijua kutoka upande wa pili. Kovu lile anajua mahali lilipo kuliko mimi, kwa sababu ni la uji. Nilikuwa na miaka miwili, sufuria ilikuwa juu ya mafiga, na yeye alikuwa amegeuka kuchukua kuni. Hadithi hiyo nilikuwa sijawahi kuisikia kutoka kwake. Kwetu ilisemwa tu "aliungua akiwa mdogo". Siku ile aliisimulia yote, akiwa ameshika fremu mikononi: nani alinibeba, walivyotembea usiku kwenda zahanati, na jinsi kila anaponiona anaanza kwa kuangalia lile shavu. Kusema kweli, kama ningejichora sawasawa asingeisimulia.

Kwa anayejichora mwenyewe, tumia vioo viwili vilivyosimama kwa pembe mraba kama kitabu kilichofunguliwa. Ukitazama kwenye kona yao utajiona bila kugeuzwa, kama watu wanavyokuona. Au mwombe mtu akupige picha. Kamera ya mbele ya simu iangalie vizuri, maana baadhi ya simu huhifadhi picha ikiwa imegeuzwa. Njia ya haraka ya kuhakikisha ni maandishi: vaa fulana yenye herufi.

Niliichora upya yote kuanzia Januari 2023. Hiyo ndiyo picha niliyowaonyesha wenzangu. Mikono ni ileile, nimeihamisha mstari kwa mstari kwa kuweka karatasi mbili juu ya kioo cha dirisha. Kitako cha kikapu kimerudi. Kovu liko upande wake, penseli iko mkono wa kulia. Uso wa mama ndio uliobadilika zaidi, kwa kuwa kichwa sasa kinakaa wima na zile nyusi zimeachana. Mikunjo katikati ya nyusi ipo bado, miwili, niliipunguza kwanza ili kumpendeza, akaniambia niirudishe. "Nimeipata kwa kuishi," alisema. Mzee ukimjazia mistari kila mahali unamwongezea miaka kumi. Chora ile mikunjo unayoiona ukiwa umbali wa kuzungumza naye, mingine iache.

Mfanyabiashara mmoja wa vikapu aliiona akataka kuinunua aifanye lebo. Dau lilikuwa zuri na deni la kikoba lilikuwa halijaisha. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 mchoro ni wangu, lakini nilimpigia mama kwanza. Akakataa. Nikamjibu yule mtu siku hiyohiyo.

Vibonzo sijaacha. Yule mama wa vikapu yupo, ila nimempa uso mwingine, mwili mwingine na mji mwingine, na kila Jumatano jioni kabla sijatuma kibonzo namsomea mama kwenye simu. Mara nyingi anasema sawa. Mara nyingine anasema, "Hapo asingejibu hivyo," ananipa jibu, na jibu lake naliandika kama alivyolitoa.

Mwezi uliopita nilikwenda kuitundika picha mpya, ukutani mbali na dirisha. Nikaomba ile ya kwanza, ya makapeni, niichukue nikaitupe maana naona aibu kuiacha pale. Mama akasema haipo ya kutupwa. Akafungua sanduku lake, akaitoa ikiwa imefungwa kwenye kanga: karatasi ya manjano, na juu yake mistari ya penseli tu, nyembamba, ya mtu aliyekuwa anatafuta taya liko wapi. Akaifunga tena. Akanijazia kisado cha njegere, akanisindikiza mpaka barabarani, na gari lilipotokea kwenye kona aliliona yeye kabla yangu.